Kiungo cha Darini

Fundi wa vifaa wa hospitali alipiga goti kwenye sakafu ya chumba cha bibi, akachomeka plagi ya mashine ya oksijeni ukutani, akawasha. Mashine ikalia mara moja, kisha ikaanza kunguruma kwa upole kama mtu mnene aliyepitiwa na usingizi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, mikono nyuma, nikijizuia nisitabasamu mapema. Asubuhi ile ya Jumatatu nilikuwa nimeipima soketi ile mara tatu, na mara zote tatu kipimo kilisoma volti mia mbili thelathini na moja. Nilikuwa nimeshawaambia watu wote wa nyumbani kwamba umeme wetu hauna kasoro, watandike kitanda, bibi anarudi.

Fundi akaingiza ncha za kipimo chake kwenye soketi ya pembeni. "Mia mbili thelathini na moja," akasoma.

"Hata mimi nilipata hivyo hivyo," nikasema.

"Vizuri. Sasa niambieni, siku ya kawaida, saa kama hizi, huwa mnafanya nini hapa?"

Mama ndiye aliyejibu. "Huwa tuko kazini, baba. Leo tumekaa kwa heshima yako."

"Basi nivunjieni heshima kidogo. Kila mtu akafanye kazi yake. Mimi nihesabuni kama sipo."

Mama mdogo, ambaye ni mshonaji, akaenda chumbani kwake akawasha pasi. Mjomba, ambaye ni mchomeleaji wa mageti na madirisha, akaingia kwenye kibanda chake kilicho ukutani mwa ua, akashusha kinyago usoni, akagusisha ncha ya chuma kwenye geti lililokuwa likimsubiri. Tukasikia mkwaruzo wa cheche. Macho yangu yalikuwa kwenye kipimo. Namba ilishuka hadi mia mbili kumi, ikasita, ikaporomoka hadi mia moja tisini na mbili. Ngurumo ya mashine ikawa nzito, ya kujikokota, kama inapanda mlima. Kisha taa nyekundu ikawaka na mlio mkali wa kukatakata ukajaa chumba.

Fundi hakuizima mara moja. Alituacha tuusikie.

"Mlio huu," akasema, "mkiusikia bibi akiwa kitandani, maana yake hewa anayopata haimtoshi. Ndani ya mashine mna mota, na mota inazungushwa na sumaku inayotengenezwa na umeme. Volti zikishuka, sumaku inalegea, mota inahangaika na kupata moto, hewa inapungua. Mashine hii haitaki chini ya mia mbili na saba." Akazima. Akanigeukia. "Wewe ndiye uliyesomea umeme?"

"Ndiyo. Nimemaliza mwaka huu."

"Hongera. Lakini uliupima umeme ukiwa umelala, binti. Kamba iliyojilaza chini haikuambii kama ni imara. Uifunge ndoo kwanza."

Maneno hayo yaliniuma kwa sababu nilikuwa nayajua. Waya wowote una ukinzani wake. Mkondo ukipita, sehemu ya volti inabaki njiani, inageuka joto, na mkondo ukiwa mkubwa kinachobaki njiani kinakuwa kikubwa vilevile. Pasipo mkondo hakipotei kitu, kwa hiyo soketi isiyotumika itakusomea namba nzuri hata kama waya nyuma yake umeoza. Niliwahi kuyaandika hayo kwenye mtihani nikapata alama zote. Ila nyumbani kwetu, asubuhi ile, nilitaka sana namba iwe nzuri, na ilipokuwa nzuri sikuiuliza zaidi.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mapafu ya bibi yalikuwa yamechoka. Wiki tano alikuwa amelazwa, na daktari alisema hakuna kingine ambacho wodi ingeweza kumpa zaidi ya hewa ya mashine. Hewa hiyo angeweza kuipata hata nyumbani, pamoja na mtungi mdogo wa akiba kwa siku umeme unapokatika. Hospitali ilikuwa na mashine moja tu ya kuazimisha. Mashine ingekwenda kwenye nyumba ambayo umeme wake unaweza kuibeba.

"Nitarudi Ijumaa saa nne," fundi alisema akikunja waya. "Ikishika, bibi anarudi siku hiyo hiyo. Isiposhika, inakwenda kwa anayefuata kwenye orodha. Naye ana watu wake wanaomsubiri."

Mjomba alikuwa amesimama uani, kinyago kimepandishwa juu ya paji la uso, na nadhani alikuwa ameshapiga hesabu zake. Alikwenda kwenye kibanda, akachomoa mashine yake ya kuchomelea, akaifunika kwa turubai, akazifunga pembe za turubai vizuri kama mtu anayefunga safari.

"Mjomba, unafanya nini?"

"Si umeona mwenyewe? Nikichomelea, mama hapumui. Basi sichomelei."

"Na kazi za watu?"

"Watu watatafuta mchomeleaji mwingine, mama. Mimi mama mwingine nitamtafuta wapi?"

Aliniita mama kama anavyoniita siku zote, kwa sababu nimerithi jina la bibi. Mageti yake ndiyo yaliyonisomesha. Nilipokuwa chuoni nikijifunza namna sumaku inavyozaa umeme na umeme unavyozaa sumaku, yeye alikuwa kwenye kibanda kile ameinama juu ya chuma cha moto, macho mekundu, ili mimi niendelee kujifunza. Na jambo la kwanza elimu yangu ilimletea lilikuwa turubai.

Fundi alikuwa hajaondoka. Aliona yote. Akafungua mkoba wake, akatoa kipimo chenye mdomo unaofunguka kama koleo.

"Hiki kinapima mkondo bila kugusa shaba," akaniambia. "Nakuazima mpaka Ijumaa. Usiwalaumu watu kabla hujajua umeme wenu unapotelea wapi."

Alikizungushia mdomo kwenye waya mzima wa pasi ya mama mdogo iliyokuwa ikiwaka. Kikasoma sifuri.

"Kibovu," mama mdogo akasema.

"Subiri, dada." Ganda la nje la waya ule lilikuwa limechunika karibu na plagi, nyaya mbili za ndani zikiwa zimeachana kidogo. Akaubana mmoja peke yake. Kikasoma ampea tano. "Mkondo unaopita kwenye waya unajizungushia sumaku. Kipimo kinaihisi sumaku hiyo. Lakini waya mmoja unapeleka na mwenzake unarudisha, kiasi kile kile. Ukizishika zote pamoja, sumaku ya huyu inafuta ya yule."

"Kama mimi na dada yangu," mama mdogo akasema, akimwonyesha mama kwa kidevu. "Kila mmoja peke yake ana makelele, mkituweka pamoja hamtusikii."

"Nani kakudanganya kwamba hawatusikii?" mama akamuuliza.

Hata mjomba alicheka kidogo, ingawa turubai halikufunguliwa.

Jumanne nilikwenda wodini. Bibi alikuwa ameegemezwa kwenye mito mitatu, mrija mwembamba puani, khanga yake juu ya shuka la hospitali. Aliponiona akanyoosha mkono.

"Mke mwenzangu," akasema. Tangu nilipokuwa mdogo huniita hivyo, eti tumeolewa na babu wote wawili. "Umekonda. Mume wetu hayupo… na wewe hujipendi."

"Nakula, bibi."

"Wamesema narudi lini?"

Nilikuwa nimejiandaa kumdanganya, nikashindwa. Nikamweleza yote: kipimo, mlio, mia moja tisini na mbili, Ijumaa. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Kisha akaniuliza volti ni kitu gani hasa, maana amelisikia neno hilo mdomoni mwangu miaka minne na hajawahi kuniuliza. Nilimwambia ni ile nguvu inayosukuma. Kwamba umeme wetu ukitulia nguvu inaonekana ipo yote, ila vitu vikianza kutumika inapungua, kwa sababu njia yake ni nyembamba na ina vikwazo.

Akafumbua macho. "Basi umeme wenu… unaumwa ninachoumwa mimi. Nikikaa, pumzi ninayo. Nikisimama niende chooni… haipo."

Katika miaka yote minne hakuna mwalimu aliyewahi kunieleza vizuri kiasi hicho. Nikamwambia hivyo, akafurahi, akakohoa, akafurahi tena.

"Nimechoka kutazama dari ya watu," akasema nilipokuwa naondoka. Hakulisema kwa kulalamika. Alilisema kama anavyonituma dukani.

Jumatano asubuhi nilianza kazi. Ili ieleweke, lazima niseme jinsi umeme ulivyoingia kwetu. Mita iko kwenye nyumba ya mbele, ninakoishi na mama. Mama mdogo alipojenga vyumba vyake viwili alichukua umeme kutoka kwetu. Mjomba alipojenga kibanda na chumba chake akachukua kwa mama mdogo. Bibi alipotaka kuhamia nyuma, mahali penye jua la asubuhi na pasipo kelele za barabara, chumba chake kikachukua kwa mjomba. Kila tulipoongezeka tuliongeza waya, tukasokota, tukafunga tepu, tukashukuru Mungu taa imewaka. Kwa hiyo bibi, aliye mkubwa wa wote, alikuwa mkiani.

Kosa la Jumatatu sikutaka kulirudia. Nilihitaji umeme ukiwa kazini.

"Mjomba, naomba uchomelee."

"Nimeshasema nimeacha."

"Ukiacha, naona volti nzuri kila mahali na siwezi kujua ugonjwa uko wapi. Nahitaji uutese umeme kidogo."

Alinitazama, akafungua turubai taratibu. Hakugusa geti la mteja. Alichukua vipande viwili vya chuma chakavu, akaanza kuviunganisha na kuviunganisha, mshono juu ya mshono, huku mama mdogo akipiga pasi shuka moja lile lile. Mashine ya oksijeni fundi alikuwa ameiacha chumbani kwa bibi, nayo nikaiwasha. Mimi nikazunguka na kipimo na daftari. Kwenye mita: mia mbili ishirini na moja. Unapoingia kwa mama mdogo: mia mbili kumi na nne. Unapotoka kwa mama mdogo: mia mbili na tatu. Kwenye kibanda: mia moja tisini na tatu. Kwa bibi: mia moja tisini na mbili.

Nikakaa kwenye ngazi ya mlango, nikaziangalia namba. Waya wenyewe ulikuwa mwembamba kwa mzigo ule, hilo lilikuwa wazi. Lakini kutoka kwetu hadi kwa mama mdogo ni hatua kumi na tano, na zilipotea volti saba. Kuvuka chumba cha mama mdogo ni hatua nane, na zilipotea kumi na moja. Kitu fulani juu ya dari yake kilikuwa kinakula.

"Nataka kupanda darini kwa mama mdogo," nikasema.

Mjomba akazima mashine. "Pale juu? Pale hapana shida."

"Namba zinasema ipo."

"Pale pasiguswe. Pale si umefunga wewe?"

Hapo ndipo nilipokumbuka.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Panya alitafuna waya juu ya dari ya mama mdogo, fundi tuliyemwita hakuja siku mbili, na mimi, niliyekuwa nimesoma sura moja ya umeme kwenye kitabu cha shule, nikaomba kupanda. Mjomba alizima swichi kuu, akanishikia ngazi. Waya wetu ulikuwa wa shaba na ulipungua kidogo, basi akaniokotea kipande cha waya mwingine kwenye vyuma vyake chakavu. Nikasokota, nikafunga tepu, nikashuka nimejaa vumbi, taa ikawaka. Siku hiyo mjomba alinipa jina la Injinia na akalitangaza mtaa mzima. Mara mbili baadaye mafundi walikuja kwa kazi nyingine wakataka kuirekebisha sehemu ile. Mara zote mbili mjomba aliwafukuza. Aliwaambia, kwa maneno ninayoyajua kwa moyo kwa kuwa aliyarudia kwa kila mgeni, "Hapo mmepakuta, hapo mtapaacha. Kafunga injinia wetu."

Nilipanda. Kabla ya kukiona kile kiungo changu, nilihisi joto lake usoni. Tepu ilikuwa imeyeyuka ikawa kama lami. Shaba nyekundu ilikuwa imesokotwa na waya wa alumini, maana kipande kile kilikuwa cha alumini, na mahali zilipokutana palikuwa na unga mweupe kama chumvi. Metali hizo mbili hazishikani vizuri. Zikikaa pamoja kwenye unyevu zinakulana, kiungo kinalegea, ukinzani unaongezeka, joto linaongezeka, kiungo kinazidi kulegea. Nikaomba mjomba achomelee tena, nikaweka ncha za kipimo kila upande wa kiungo, kwa mkono mmoja kama nilivyofundishwa. Volti tisa. Nikauzungushia waya mdomo wa kipimo cha fundi: ampea ishirini na mbili. Tisa mara ishirini na mbili ni karibu wati mia mbili za joto, kila mjomba alipogusisha chuma, kwenye kifundo kidogo kuliko kidole gumba. Boriti iliyo juu yake ilikuwa imebadilika rangi ikawa kahawia ya mkate ulioungua. Chini yake, upande wa pili wa ubao wa dari, kulikuwa na kitanda cha mama mdogo.

Sijui nilikaa pale juu muda gani. Nakumbuka tu kwamba nilishukuru. Nilishukuru kwa ile boriti ngumu, kwa vipindi mjomba alivyopumzika kuwasha sigara, kwa kila siku ya miaka minane ambayo haikutokea chochote.

Nikashuka, nikazima swichi kuu, nikajaribu soketi kuhakikisha imekufa, nikapanda tena na koleo, nikakikata. Nikakileta uani nikakiweka kwenye kiganja cha mjomba.

"Hiki ndicho?" akauliza.

"Ndicho. Nisamehe, mjomba."

Alikigeuza. Ule unga mweupe ukamshika vidoleni. "Na mimi nilikuwa nawafukuza mafundi."

"Hukujua."

"Ulikuwa na miaka kumi na minne. Mtu mzima pale alikuwa mimi. Na huu waya nilikupa mimi." Akakigeuza tena. "Nilikipenda tu. Nilikuwa nikilala nawaza, kiungo cha mtoto wetu kinafanya kazi juu huko."

Mama mdogo alikuwa amekuja na pasi yake mkononi, waya ukiburuzika. "Kwa hiyo miaka minane nalala chini ya jiko?"

"Ndiyo, mama mdogo."

"Na mimi najisifu kwa wateja kwamba chumba changu hakina baridi."

Akaniangalia, na kwa sababu nilikuwa karibu kulia akanipa pasi niishike, akanifuta vumbi usoni kwa upindo wa khanga yake, kwa nguvu, kama anasugua doa.

"Mjomba," nikasema, "si mashine yako peke yake. Ni njia. Bibi akipata waya wake mwenyewe, mnene, kutoka kwenye mita moja kwa moja bila kupita kwa mtu, wewe utachomelea na yeye atapumua. Mia mbili na kumi na kitu, nina hakika." Kisha nikajirekebisha. "Nimepiga hesabu. Uhakika tutaupata Ijumaa."

"Urefu gani?"

"Mita ishirini na tano."

Mjomba aliingia kibandani. Akatoka na ule waya wake mrefu mweusi, mnene kama kidole cha mtu mzima, anaoutumia kuipelekea mashine umeme kwenye nyumba za wateja. Ulikuwa mzigo aliojivunia kuliko kitu chochote isipokuwa kile kiungo changu. Bila waya ule hakuna kazi ya nje.

"Huu una mita thelathini," akasema. "Shaba tupu."

"Mjomba, huo ndio unaokuwezesha kwenda kwa wateja."

"Wateja wana miguu. Pima."

Alhamisi tulichimba. Mjomba alishika sururu, mama beleshi, mama mdogo akafunga vyerehani vyake akaja na jembe na viatu vya harusini alivyosema havimfai tena kwa kitu kingine. Mtaro ulipita nyuma ya vyumba, chini ya kamba ya nguo, hadi kwa bibi. Mama alisimamia unyoofu wake kama aliyeusomea.

"Injinia, huku pamepinda."

"Umeme haujali kona, mama."

"Mimi najali."

Nikaupitisha waya kwenye bomba la plastiki. Nikaviondoa viungo vyote vya zamani, nikaweka vipya vya kubana kwa skrubu, shaba kwa shaba. Kila kimoja nilikivuta kwa mkono kabla ya kukifunika, na kila nilipokivuta nilimfikiria yule binti wa miaka kumi na minne juu ya ngazi. Sikuweza kumkasirikia. Nilitamani tu mtu angemwonyesha.

Kazi haikuisha siku hiyo. Ijumaa saa nne kasoro, nilikuwa bado nimepiga magoti mbele ya mita nikikaza skrubu ya mwisho, na fundi alikuwa ameshaingia getini. Sikuwa nimepata nafasi ya kujaribu lolote. Mtaro ulikuwa wazi, bomba linaonekana kama mshipa.

Alitembea pembeni ya mtaro kutoka mwanzo hadi mwisho. Akaingia kwa bibi, akawasha mashine, akaweka kipimo. Mia mbili thelathini na moja.

"Umelala," nikasema. "Ngoja tuuamshe."

Mama mdogo akawasha pasi: mia mbili ishirini na tisa. Mama akawasha birika la umeme bila kuombwa. Nikaenda dirishani. Mjomba alikuwa amesimama juu ya geti lake, kinyago mkononi, hakivai.

"Mjomba, choma."

"Una uhakika?"

"Sina. Choma tujue."

Akashusha kinyago. Cheche zikaruka. Mimi sikutazama kipimo, nilisikiliza mashine. Ngurumo yake ilishuka kidogo sana, kama mtu anayegeuka ubavu, ikaendelea. Hapakuwa na mlio. Fundi alisubiri. Akapiga kelele kupitia dirisha, "Endelea, bwana, usipumzike," na mjomba akaendelea mpaka mshono mzima wa geti ukaisha. Ndipo nilipotazama. Mia mbili kumi na tisa. Ikapanda ishirini, ikarudi kumi na tisa, ikabaki hapo.

Fundi akagusa plagi kwa nyuma ya vidole, akaona ni baridi. Akaandika namba kwenye fomu, akatia sahihi, akanipa kalamu nitie yangu.

"Nani kafunga?" akauliza.

"Sote," nikasema.

"Fomu ina nafasi ya jina moja."

Nikaandika jina langu, ambalo pia ni jina la bibi, na chini yake, nje ya mstari, nikaandika la mjomba. Hakunikataza. Nikamrudishia kipimo chake na sikujua namna ya kumshukuru, basi nikasema asante mara nne mfululizo, na yeye akasema moja ilikuwa inatosha kwenye mzigo mdogo kama huo.

Bibi alifika saa tisa kwa gari la hospitali. Mjomba alimbeba kutoka getini hadi kitandani, akiuruka mtaro kwa hatua ndefu, na bibi akamwambia polepole, mimi si geti. Nikamwekea mrija puani, nikafungua hewa lita mbili kwa dakika kama daktari alivyoandika. Tukasimama tukimzunguka, hakuna anayepumua vizuri isipokuwa yeye.

Baada ya muda rangi ikamrudi midomoni. Akatazama dari yake, kutoka kona hadi kona.

"Mbona kimya?" akauliza. "Kuna msiba?"

"Tunakuacha upumzike, mama," mjomba akasema.

"Nimepumzika wiki tano. Nendeni… kazini kwenu."

Mjomba akatoka. Baada ya kidogo nikasikia mkwaruzo wa cheche. Bibi alinishika mkono, akaniuliza ni kina nani waliochimba, na wapi palikuwa pagumu, na mama mdogo alivaa viatu gani, na kila nilipotaja mtu alisema, "Mungu ampe," akavuta pumzi, akasema, "Na mwingine?" Nilimtajia wote. Nilimtajia hata fundi. Kuhusu kiungo cha darini nilimwambia pia, kwa sababu sitaki tena kumweleza bibi mambo nusu.

"Hakikuungua?"

"Hakikuungua, bibi."

"Alhamdulillahi. Basi umejifunza kwa bei nafuu, mke mwenzangu."

Akalala akiwa ameushika mkono wangu. Mashine ilikuwa inanguruma, na nje mjomba alikuwa anachomelea. Nilipouona mkono wake umelegea nikautoa wangu polepole, nikatoka. Mama na mama mdogo walikuwa wanafukia mtaro, wakibishana kama udongo ushindiliwe sasa au kesho.

"Injinia," mama mdogo akaniita, "shahada yako inaruhusu kushika beleshi?"

Nikavua viatu, nikashika.